Tirzah Anasoma Nyumbani

Burwell, Nebraska
14 Septemba 1993

Dada Marlys,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi hatujambo kwa neema ya Mungu, isipokuwa Vernon, ambaye mnyororo wa mashine ya kuvunia umemla ncha ya kidole. Anatembea nacho kimefungwa kitambaa cheupe na anataka kila mtu amwulize. Mahindi bado hayajakauka. Nimeshafunga chupa arobaini za maharage ya akiba ya baridi na ishirini na mbili za nyanya, na sasa jikoni hakuna pa kuweka hata kikombe.

Watoto wanakua. Ezra ametimiza miaka kumi na sita, amenipita kwa kichwa kizima, na hesabu anajifundisha mwenyewe maana mwalimu wake ameishia njiani. Hulda ana miaka tisa na vitabu anavitafuna kama karanga. Micah ni kibogoyo kwa sasa, meno ya mbele yote mawili yamekwenda. Mapacha wameanza kuunganisha silabi mwaka huu. Halafu kuna Lois, ambaye humjui. Ana mwaka na nusu, na akilia jirani wa maili mbili anaweka kijiko chini.

Najua ni miaka mitatu. Mimi sikuandika na wewe hukuandika. Nisingependa barua hii iwe ya hayo.

Nakuandikia kwa ajili ya mama mmoja wa kanisani kwetu, naye anawasomesha wanawe nyumbani kama sisi. Ana binti mkubwa kiasi, tuseme miaka kumi na miwili au mitatu, na kusoma kumemkataa kabisa. Nilimwambia nina dada aliyefundisha watoto wa namna hiyo miaka ishirini na sita. Kama una kitabu chochote ulichokuwa ukitumia, hata kikuukuu, nitumie nimpelekee.

Vernon anakusalimu. Sijamwambia kwamba naandika, lakini angekusalimu.

Mdogo wako,
Dorene


Mankato, Minnesota
2 Oktoba 1993

Mdogo wangu Dorene,

Nilipoona mwandiko wako kwenye bahasha nilidhani amekufa mtu. Niliisoma nimesimama mlangoni na koti mwilini. Nilipoona hakuna aliyekufa nikakaa chini, nikalia kidogo, kisha nikaenda kuosha vyombo.

Mimi sijambo. Goti la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Nimestaafu Juni. Walinipa keki na saa ya ukutani, na mpaka leo najiuliza saa ni ya nini kwa mtu asiye na pa kwenda. Nyumba ni kimya. Nimefikia mahali namsomea paka gazeti, naye ananivumilia.

Mpe pole huyo mama wa kanisani. Mwambie kitabu hakitamsaidia. Mtoto wa umri huo ameshawekewa vitabu vya kutosha mbele yake mpaka vinamtia kichefuchefu. Anachotaka ni mtu wa kukaa naye mezani kila siku, mwenye subira, na asiwe mama yake, maana kwa mama mtoto anaona aibu zaidi. Mwambie tena, na hili ulirudie mara mbili, kwamba mtoto si mjinga. Nimekuwa na wanafunzi waliomzidi akili mkuu wa shule, na mkuu wa shule mwenyewe alilijua hilo na lilimuudhi. Herufi tu ziliwageuka.

Sasa na mimi nina swali langu. Nilipoondoka kwenu watoto walikuwa sita. Umeniongezea Lois, nami nampokea kwa mikono miwili. Hesabu yangu inanipa saba. Nimeipitia barua yako mara tatu na kila mara napata sita.

Tirzah hajambo?

Dada yako,
Marlys


Burwell
30 Oktoba 1993

Dada,

Salamu. Wote wazima. Theluji ya kwanza imeanguka Jumanne, tukaokoa maboga tuliyoweza.

Umenikamata. Hakuna mama wa kanisani.

Jumapili ya mwisho ya Agosti huwa tunakuwa na siku ya watoto kusoma. Familia zote zinazosomesha nyumbani, kila mtoto anapita mbele na kusoma sehemu yake, ili kanisa lione tunachofanya mwaka mzima. Tirzah alipewa Zaburi ya mia na tatu wiki mbili kabla. Alikuwa akiifanyia mazoezi huku akikanda unga, nami nilikuwa nikifua, na hakukosea popote. Ile asubuhi mke wa mchungaji mpya akawa amenunua Biblia mpya za kuwapa watoto zawadi, kila mmoja yake. Akasema, someni kutoka humu.

Tirzah akafunguliwa mahali pake, akasoma. Sauti yake unaijua. Wazee walitoa vitambaa. Mimi nilikuwa na Biblia mpya ya Hulda mapajani nafuatisha kwa kidole, na kidole changu kikapotea. Biblia zile zilikuwa za tafsiri mpya, Dada. Yeye alikuwa anasoma tafsiri ya zamani, ile ya Biblia yetu ya mezani, neno kwa neno, kutoka kwenye kitabu ambacho maneno hayo hayamo. Na alipofika katikati akafunua ukurasa, kwa sababu kwenye Biblia yetu ukurasa unaishia pale.

Wengi hawakutambua. Mke wa mchungaji alitambua. Alinitazama, mimi nikatazama viatu vyangu.

Garini Vernon akasema, "Binti, leo umesoma mpaka nimeona fahari."

Hulda akadakia, "Hakusoma, Baba. Anajua kwa moyo. Mimi ndiye namsomea tukikamua mbuzi."

Ezra akamwambia, "Wewe Hulda, mdomo wako hauna mlango?"

"Sasa nimesema uongo? Hata wewe unamsomeaga!"

Kumbe walikuwa na zamu. Ezra alimsomea historia, Hulda Biblia, hata Micah alikuwa anamwambia ni kopo lipi la mahindi na lipi la njegere. Tirzah alikaa nyuma na Lois mapajani, akawa anatazama nje tu.

Miaka kumi na moja watu wamenisimamisha dukani, mbona watoto hawapo shule? Nami najibu kichwa juu, wanasoma nyumbani. Sikujua, Dada. Nilishtuka kama kila mtu.

Tafadhali usimwambie yeyote. Vernon anawaogopa watu wa kaunti. Hajasahau wale akina baba waliolala jela kwa ajili ya shule ya kanisa isiyo na kibali cha serikali.

Dorene


Mankato
6 Novemba 1993

Mdogo wangu,

Sijambo, paka hajambo, goti ni lile lile. Nitakwenda moja kwa moja.

Mlete. Mlete kabla theluji haijafunga barabara. Chumba cha juu kipo na kitanda kina shuka. Sitamwambia mtu wa kaunti wala mtu wa mwezini. Saa mbili kwa siku mezani, na nyingine awe mtoto tu. Nadhani miezi sita itatosha kumtoa gizani. Nilishawatoa wakubwa zaidi yake.

Tena sikuandikii haya ili nionekane nilikuwa sahihi. Najua ndivyo utakavyowaza. Ile Sikukuu ya Shukrani, miaka mitatu iliyopita, nilimpa Tirzah kipakiti cha jeli anisomee maji yanatiwa vikombe vingapi. Aliniambia, "Mama Mkubwa, miwani yako iko wapi?" akacheka, akatoka mbio. Nilikuja kukuambia chumbani, mlango umefungwa, ili asisikie mtu. Nawe ukanijibu mbele ya bata mzinga na ukoo mzima kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ulichagua methali yako vizuri. Nilirudi maili mia nne nikiwa nayo garini.

Basi, imekwisha. Lakini niruhusu niulize mara moja tu. Alikuwa na miaka kumi nilipokuambia. Sasa ana kumi na mitatu. Katika yote hayo hukujua kabisa?

Marlys


Burwell
12 Desemba 1993

Dada Marlys,

Krismasi njema kutoka kwetu sote. Samahani kwa kukaa kimya. Mahindi yalichelewa, kisha Lois akaugua masikio, kisha mapacha wakaugua alichougua Lois, kisha nikashona kanzu kumi na nne za malaika kwa ajili ya mchezo wa kanisani, na malaika wawili wakagoma. Ningeandika mapema.

Swali lako nimeliona.

Vernon alikuwa amekataa. Alisema mtoto wetu hafundishwi na watu wa serikali, nami nikamwambia dada yangu amestaafu, si wa serikali tena. Akasema serikali haitoki mwilini kama surua. Nikaacha. Na kusema kweli sikumsukuma, maana nilikuwa nawaza nani atamshika Lois asubuhi nikiwa na wengine mezani. Tirzah ni mkono wangu wa kulia. Anaoka mikate sita bila kupima, anajua mtoto yupi ana homa kwa kumtazama tu masikio.

Jumatatu nilikuwa ghalani na mbuzi anayezaa. Nikamwambia Tirzah ampe Lois dawa. Ziko mbili kwenye rafu, ya kunywa na ya kutia masikioni, chupa zinafanana. Akampa ya masikio, akamnywesha. Lois alitapika, akalala, akaamka salama akidai mkate. Vernon alimkuta Tirzah amekaa sakafuni na chupa zote mbili, anazigeuza, anazitazama. Hakumgombeza. Alikwenda kukaa ghalani muda mrefu, akarudi na majani kichwani, akasema, "Mpeleke kwa dada yako."

Tutamleta mimi na Ezra tarehe mbili Januari, barabara ikikubali.

Dorene


Mankato
23 Januari 1994

Mdogo wangu,

Natumaini mlifika salama na kwamba ganzi ya miguu imekuachia. Ilinisikitisha hukuweza hata kushuka garini unyooshe mgongo. Kahawa ya dirishani si ukarimu niliofundishwa na Mama.

Tirzah hajambo. Wiki ya kwanza alisafisha nyumba yangu mpaka nikaiona mpya. Alisugua nyuma ya jiko, mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa nimepaachia Mungu. Lakini nikimwita mezani anainuka: mkate unaungua, paka anataka kutoka, anadhani amesikia simu. Siku ya nne akaniuliza, "Mama Mkubwa, hapa hakuna mtoto wa kushika?"

Nikamwambia, "Hakuna. Mimi sikubahatika."

"Sasa nikikaa hivi, nashika nini?"

Nikamimina chumvi kwenye sinia la kuokea, nikamwambia ashike hiyo. Ndiyo njia yangu ya miaka yote. Tunaandika herufi kwa kidole ndani ya chumvi, tunaitamka, tunaifuta kwa kutikisa sinia. Herufi iliyokosewa haibaki mahali popote. Alikaa. Alikaa saa nzima. Ana akili huyu, Dorene, na nimekasirika siku tatu mfululizo, sijui namkasirikia nani.

Nilimsomea kikaratasi ulichomwachia, kile cha kwamba afanye bidii, anitii, na asisahau sala. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Hayo tu?"

Nikasema hayo tu.

Marlys


Burwell
13 Februari 1994

Dada,

Salamu. Baridi imeua mbuzi mmoja na betri mbili. Ezra amefaulu mtihani wake wa hesabu wa kwenda chuoni. Lois anazunguka nyumba akiita "Ta! Ta!" na kuchungulia nyuma ya milango.

Umeniandikia kwamba alisema "hayo tu". Nimekuwa nayo tangu barua ilipofika.

Nina neno la kumwambia Tirzah. Nimeliandika mara nne na kulitia jikoni motoni mara nne. Kila nikianza nakusikia wewe ukimsomea, kwa ile sauti yako ya darasani, ukitua kwenye nukta. Sitaki lipite mdomoni mwako. Nisamehe, lakini ni neno la mtu na mwanawe. Kwa hiyo nitangoja mpaka aweze kulisoma mwenyewe. Ni lini? Unajua wewe.

Jambo jingine. Nataka arudi kabla ya tarehe kumi Aprili. Najua ulisema miezi sita. Atakachokuwa amepata kitatosha, nitamalizia mimi. Nina sababu zangu.

Dorene


Mankato
1 Machi 1994

Dorene,

Sijambo. Theluji imefika kwenye sanduku la barua.

Sababu zako nimezihesabu kwa vidole. Mwanamke anasafiri maili mia nne hashuki garini, blanketi limemfika kidevuni, hita imewashwa mpaka kioo kinatoa jasho. Mficha uchi hazai, mdogo wangu, nawe unaelekea kuzaa wa nane. Ningekuuliza pale pale lakini Tirzah alikuwa amesimama pembeni yangu na mfuko wake. Hajui. Mimi sitamwambia. Wala usifikiri sikuelewa Aprili ni ya nini.

Neno lako halitapita mdomoni mwangu. Limeniuma, sitaficha, lakini nimelielewa. Anaweza sasa kusoma maneno mafupi kama yamepangwa vizuri na hakuna anayemharakisha. Jana alinisomea pakiti ya unga tangu juu mpaka kwenye anwani ya kiwanda, kisha akageuza upande wa pili kuona kama kuna zaidi. Andika kwa herufi kubwa zisizoshikana. Sentensi fupi. Acha nafasi kati ya mstari na mstari. Funga bahasha, sitaifungua.

Ila nakuomba usimrudishe Aprili. Ndiyo kwanza mlango umefunguka kidogo. Ukimtoa sasa utafunga, na mara ya pili huwa haufunguki.

Marlys


Burwell
14 Machi 1994

Dada,

Asante. Wote hatujambo. Ni kweli, ni wa nane, na huyu amenichosha kuliko wote.

Bahasha yake ni hii ndogo. Mpe akiwa peke yake.

Dorene

[Ndani ya bahasha ndogo]

Tirzah,

Mimi ni Mama.

Soma pole pole. Hakuna mtu nyuma yako.

Mimi nilijua.

Ulikuwa na miaka minane. Ulishika kitabu cha paka. Ulisema yote bila kosa. Niliweka kidole juu ya neno moja. Nikasema, hili ni nini? Hukujua.

Nikaona uso wako. Mtoto akalia. Nikasema, nenda kamshike.

Kesho yake nikafanya vile vile.

Kila ulipokwama nilikupa mtoto. Micah. Mapacha. Lois.

Wewe ulikuwa mwema. Mimi nilikuwa nimechoka. Ilikuwa rahisi.

Mama Mkubwa aliniambia. Nilimtukana.

Hata siku ya zaburi nilijua. Niliomba Mungu wasione.

Si kosa lako. Ni langu.

Nina mtoto tena tumboni. Nataka uje. Siwezi kukudanganya tena, nataka uje. Lakini sema wewe.

Mama


Mankato
16 Aprili 1994

Mdogo wangu Dorene,

Natumaini umejifungua salama, au umekaribia. Nakuombea asubuhi na jioni, na mimi si mwepesi wa kuomba, unanijua.

Nina la kuungama kabla ya salamu nyingine. Bahasha yako ilifika tarehe kumi na nane Machi. Nilimpa Tirzah tarehe ishirini na saba. Siku tisa niliiweka kwenye droo ya vitambaa vya meza. Sikuifungua, naapa. Lakini nilijua unamwita, na nilikuwa nimeshazoea kusikia mtu akitembea juu. Ulisema kweli siku ile, uchungu wa mwana siujui. Sasa nimeuonja miezi michache tu, tena wa kuazima, na umenifanya mwizi wa barua. Nisamehe.

Alipanda nayo chumbani baada ya chakula cha mchana. Sikusikia kitu mpaka jua linaelekea kuzama. Aliposhuka macho yamevimba. Akala viazi vyote, akaosha sahani yake na yangu. Nikamwuliza kama kulikuwa na neno lililomshinda.

"Moja tu," akasema. "'Rahisi'. Hilo ni gumu, Mama Mkubwa. Nimelirudia rudia."

Sikujua ni rahisi ya nini, nami sikuuliza. Baada ya hapo alikaa siku nyingi bila kutaka kuandika. Kisha akaandika siku nne, mistari miwili miwili, mkono wa kushoto umefunika karatasi nisione. Nakutumia alichoandika kama kilivyo, sijasahihisha wala kusoma.

Nimeweka pia fomu ya shule ya hapa kwa Septemba. Wana mwalimu mzuri wa watoto hawa, nilimfundisha kazi mimi mwenyewe. Usitie sahihi kama moyo unakataa. Nitamleta nyumbani kesho yake ukisema.

Marlys

[Ndani yake, karatasi iliyokunjwa mara nne]

Mama

Nimesoma yote. Peke yangu.

Na mimi nina kosa. Nilimfinya Lois. Wakati wa kusoma. Nilimfinya alie ili uniite. Na mapacha pia niliwafinya.

Mwambie Lois pole.

Nakupenda. Siji. Nikija utanipa mtoto. Na mimi nitamshika.

Tirzah


Burwell
8 Mei 1994

Dada yangu Marlys,

Salamu. Tuko wazima. Mtoto alizaliwa tarehe kumi na tisa Aprili, mvulana, ratili nane na nusu, anaitwa Obed. Mimi nimeweza kusimama tangu juzi. Ezra anapika, na tunakula mayai asubuhi, mchana na jioni. Hulda anafundisha mapacha kwa kiboko cha maneno, sijui alikitoa wapi, labda kwako. Leo ni sikukuu ya akina mama kanisani. Nimebaki nyumbani na mdogo.

Kuhusu siku tisa, nimekusamehe kabla sijamaliza kusoma. Mimi nina miaka mitano ya kusamehewa, nianzie wapi kukuhesabia siku?

Karatasi ya Tirzah niliisoma nimekaa kitandani, Lois yuko miguuni kwangu. Nikamvuta nikamwangalia mikono na mapaja, kama mwehu, kana kwamba alama zingekuwepo mpaka leo. Nikamwambia, Tirzah anakupa pole. Akasema, "Ta?" akaenda kuchungulia mlangoni. Nililia mpaka Vernon akaingia na buti zenye matope.

Ikabidi nimwambie yote. Kwamba nilijua tangu mwanzo. Hakuwa anajua, maskini, yeye alikuwa anaona fahari kweli kweli. Siku ya tatu akachukua funguo, akasema anakwenda Minnesota kumchukua binti yake, nyumba ina mtoto mchanga na mama mgonjwa, mahali pa Tirzah ni hapa. Nikamwambia, Vernon, ukimleta atakuja. Hatalalamika hata neno moja. Atavaa aproni yake, atamchukua Obed mikononi mwangu, nasi tutasema jinsi alivyo mwema, na hatakaa mezani tena maisha yake yote. Akasimama pale na funguo. Kisha akazirudisha kwenye msumari, akatoka kwenda kukamua.

Namtaka, Dada. Usidhani nimekuwa mtakatifu. Kila asubuhi namtaka, na si kwa ajili ya kazi, ingawa na kazi ipo. Nikimsikia mtu akikanda unga nageuka.

Fomu ni hii. Nimeijaza kwa wino. Palipoulizwa anaishi na nani, nimeandika jina lako. Palipoulizwa shule aliyotoka, nimeandika Nyumbani. Mwalimu wake wa mwisho, nimeandika jina langu lote, la ubatizo na la ndoa. Halafu pakaja mahali pa kuandika darasa la mwisho alilomaliza. Nilikaa na kalamu mpaka Obed akalia. Nikainuka nikamshika mwenyewe, nikazunguka naye chumbani mpaka aliponyamaza, nikarudi naye mezani nikaandika: hakuna. Nikatia sahihi.

Sijamwandikia Tirzah mara hii. Nitamwandikia akiwa na maneno marefu zaidi. Wewe umwambie Mama amesoma, na amesema sawa.

Akikuuliza kuhusu mtoto, mwambie ni mpole, halii.

Mdogo wako,
Dorene